Msumeno wa Umeme Unaposumbua: Dalili, Vyanzo na Hatua za Kuchukua

Malalamiko mengi kuhusu misumeno ya umeme huelekezwa kwenye mota: haina nguvu, imechoka, inaunguza mbao. Ukifuatilia, mara nyingi mota ni nzima kabisa. Kasoro iko kwenye diski iliyojaa utomvu, kwenye fensi (ukuta unaouongoza ubao) iliyokaa upande, kwenye waya mwembamba wa umeme au kwenye ubao wenyewe. Kwa kuwa mtu hafikirii kutazama huko, anaongeza nguvu za mkono, na hapo ndipo ajali za karakana ya nyumbani zinapozaliwa. Msumeno ukianza kukataa, usisukume. Zima, kisha utafute sababu.

Mwongozo huu unahusu zaidi msumeno wa meza na msumeno wa duara wa mkononi, maana ndiyo inayoumiza na kusumbua zaidi. Ule wa kukatia pembe, jigso (wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka) na wa mkanda vimeguswa pale vinapohitajika. Katika kila dalili, vyanzo vimepangwa kuanzia kile kinachotokea sana hadi kile cha nadra.

Kabla ya kukagua chochote

Chomoa plagi, au toa betri kwa msumeno wa betri. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu swichi hujaa vumbi na kunasa, na kidole huigusa bila kukusudia. Ukishachomoa, bonyeza swichi mara moja uhakikishe mashine haiitikii, kisha weka plagi mahali unapoiona. Popote palipoandikwa "chomoa" hapa chini, maana yake ni hiyo.

Vaa miwani ya kinga inayofunika hadi pembeni, na kinga ya masikio. Glavu usivae unapokata: uzi mmoja ukishikwa na jino, mkono wote unafuata. Kunja mikono ya shati juu ya kiwiko, vua saa na pete, funga nywele ndefu.

DALILI: Ubao unarushwa nyuma, au diski inabanwa katikati ya mkato

Hii ndiyo dalili ya kupewa muda kuliko zote. Kwenye msumeno wa meza, meno yaliyo upande wako hukata kwenda chini, yakiukandamiza ubao kwenye meza. Meno ya nyuma yanapanda. Ubao ukiyagusa hayo ya nyuma, yanaunyanyua na kuurusha ulikotoka, yaani kwako. Diski ya milimita 250 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika ina ncha za meno zinazokwenda takriban mita 52 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Huwezi kuliwahi teke la namna hiyo. Tena hatari si ubao unaokupiga tumboni tu: ubao ukitoweka ghafla, mkono uliokuwa ukiusukuma huendelea mbele hadi kwenye diski.

Chanzo cha kwanza: fensi inabana kwa nyuma. Ubao unaingia vizuri, lakini kadiri unavyosonga nafasi kati ya diski na fensi inapungua, hadi unasukumwa kwenye meno yanayopanda. Pima hivi:

1. Chomoa. Inua diski hadi juu kabisa.
2. Chagua jino moja, litie alama kwa kalamu ya wino mzito.
3. Lizungushe kwa mkono hadi liwe mbele, usawa wa meza. Pima umbali kutoka jino hilo hadi kwenye ukingo wa mfereji wa mezani, ule unaopita kiongozi cha kukatia pembe (kifaa kinachousukuma ubao unapokatwa kwa kukingama au kwa pembe).
4. Zungusha diski hadi jino lilelile liwe nyuma, upime tena.

Jino liwe lilelile, kwa sababu diski inaweza kuwa imepinda kidogo, na ukipima meno mawili tofauti utakuwa unapima mpindo huo badala ya mpangilio wa mashine. Vipimo viwili vikilingana, diski imekaa sambamba na mfereji. Sasa sogeza fensi hadi kwenye ukingo wa mfereji na uipapase kwa kidole mbele na nyuma. Iwe sambamba, au ifunguke kwa nyuma kidogo sana, isizidi milimita 0.2. Ikiwa imebana kwa nyuma, hata nusu milimita, usikate kitu hadi uirekebishe. Fensi nyingi zina bolti mbili au nne kichwani: legeza, nyoosha, kaza, kisha pima upya, kwa sababu kukaza kwenyewe huisogeza.

Chanzo cha pili: kisu cha nyuma kimetolewa. Ni lile bamba la chuma linalosimama nyuma ya diski na kuzuia mkato usijifunge. Watu hulitoa ili wakate mfereji usiopenya ubao, kisha wanasahau kulirudisha. Unene wake una kanuni: lizidi mwili wa diski, lakini liwe jembamba kuliko njia inayochimbwa na meno. Kwa diski yenye mwili wa milimita 1.8 na njia ya 2.6, bamba la 2.2 linafaa. Likiwa nene kuliko njia, ubao utakwama kwenye bamba, na hapo ndipo mtu anaposhawishika kulitoa. Umbali wake kutoka kwenye meno ni kati ya milimita 3 na 8. Ukibadilisha diski kwa nyingine nyembamba, soma vipimo vya bamba upya.

Chanzo cha tatu: ubao wenye mkazo ndani yake. Mbao ambazo hazijakauka sawasawa, au zilizotoka karibu na tawi, hujifunga au kujipanua zinapopasuliwa. Utauona mkato ukifunga nyuma ya diski huku sauti ya mota ikizama. Shikilia ubao hapohapo, zima, ngoja diski isimame kabisa, kisha chomeka kabari ndogo ya mbao kwenye mkato ulioacha nyuma. Usijaribu kuurudisha ubao wakati diski inazunguka. Ubao uliojipinda usiupitishe kwenye msumeno wa meza kabla hujaupiga randa: uso mmoja ulale sawa mezani, ukingo mmoja ulale sawa kwenye fensi.

Chanzo cha nne: fensi na kiongozi cha pembe vinatumika pamoja. Unakata ubao kwa kukingama, unaegemeza mwisho wake kwenye fensi ili kupata kipimo. Kipande kilichokatwa kinabaki kimefungwa kati ya fensi na diski, kinapinda kidogo, kinaruka. Ukitaka vipande vingi vya urefu mmoja, funga kitalu cha mbao kwenye fensi kwa klempu, lakini kiishie kabla ya diski. Ubao uguse kitalu unapopima, na uwe umeshakiacha unapofika kwenye meno.

Kukata mkono mtupu kwenye msumeno wa meza, bila fensi wala kiongozi, si chanzo cha kurekebisha. Acha tu.

Kwa msumeno wa duara wa mkononi, kisa ni kingine na kinajirudia kila mahali: ubao umelazwa juu ya vigoda viwili, kimoja kila mwisho, na mkato unapita katikati. Kadiri diski inavyosonga, ubao unalegea na kushuka, midomo ya mkato inabana diski kwa juu, na msumeno mzima unaruka kumwelekea anayeushika. Dawa ni kuuegemeza ubao pande zote mbili za mkato. Kwa karatasi nzima ya plaiwudi, panga mbao nne chini yake, mbili kila upande wa mstari, ili vipande vyote vibaki vimelala baada ya kukatika. Ukikata kipande cha mwisho tu, kiache kining'inie nje ya egemeo kianguke chenyewe.

Kina cha diski kiwe unene wa ubao kuongeza milimita 3 hadi 6. Diski ikichomoza sana chini, sehemu kubwa zaidi yake inabanwa, na ikiruka ina meno mengi zaidi nje. Ukilazimika kuanza tena katikati ya mkato, weka diski katikati ya njia, meno yasiguse mbao, ndipo uwashe.

Mambo mawili hayategemei chanzo. Simama pembeni mwa mstari wa diski, usisimame nyuma yake. Na kwenye meza, tumia kijiti cha kusukumia kwa sentimita 30 za mwisho za kila mkato, na kwa kipande chochote kilicho kifupi kuliko hapo.

SIMAMA: baada ya teke lolote, hata dogo, chomoa na ukague. Tafuta jino lililovunjika, kisu cha nyuma kilichopinda, fensi iliyosogea. Diski iliyopoteza jino au yenye ufa hairudi kazini.

DALILI: Kingo za ubao zinaungua, moshi unatoka

Tazama kwanza ni upande upi ulioungua, maana hapo unapata nusu ya jibu. Weusi ukiwa kwenye kipande cha upande wa fensi tu, fensi inabana kwa nyuma. Rudi kwenye vipimo vya hapo juu. Ukiwa kwenye kipande kinachotupwa tu, fensi imefunguka mno. Ukiwa pande zote mbili, tatizo ni diski au mwendo wako.

Utomvu uliogandia ndio chanzo cha kawaida zaidi. Unaonekana kama lami ya kahawia kwenye mbavu za meno, na huifanya diski kali kabisa ionekane butu. Chomoa, toa diski, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika 15 hadi 20, sugua kwa brashi ya nailoni (mswaki uliozeeka unatosha), suuza, kausha mara moja, paka mafuta mepesi kuzuia kutu na uyafute yasije yakachafua ubao. Usitumie brashi ya waya wala kukwangua kwa bisibisi, kwa sababu ncha za meno ni ngumu lakini zinameguka. Watu wengi hununua diski mpya wakati ya zamani ilihitaji kuoshwa tu.

Ikiwa imeshaoshwa na bado inaunguza, kagua makali. Shika diski chini ya taa, geuza polepole. Ncha kali haiakisi mwanga. Ncha butu inaonyesha mstari mwembamba unaong'aa. Meno yenye ncha za kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, hayanolewi kwa tupa. Yanahitaji jiwe la almasi na pembe sahihi, kwa hiyo peleka kwa mnoaji. Akiona yamebaki mafupi, atakuambia ununue nyingine.

Kisha idadi ya meno. Meno mengi hutoa uso laini, lakini nafasi kati ya jino na jino ni ndogo, na unga wa mbao ukikosa pa kwenda unasuguliwa hadi kuungua. Kwa diski ya milimita 250, kupasua mbao kufuata nyuzi kunataka meno 24 hadi 30. Kukata kwa kukingama na plaiwudi, meno 60 hadi 80. Zenye 40 au 50 ni za kazi mchanganyiko, hufanya yote kwa wastani. Ukimwona mtu akipasua ubao mnene kwa diski ya meno 80 na kulaumu mota, umeshajua kosa.

Mwisho ni mwendo. Ukisimama katikati ya mkato ili ubadilishe mikono, diski inasugua mahali pamoja. Panga miguu na kijiti kabla ya kuanza, kisha sukuma kwa mwendo mmoja. Mota isikike ikifanya kazi, lakini isizame.

DALILI: Diski mpya haikati kabisa, inatoa moshi tu

Imefungwa kinyume. Inachekesha, lakini hutokea hata kwa mafundi. Mshale ulioandikwa kwenye diski ufuate mshale wa kwenye kinga ya mashine. Kwenye msumeno wa meza, meno ya mbele yanakuelekea wewe na kushuka. Kwenye ule wa mkononi, meno ya chini yanaelekea mbele na kupanda.

Nati ya diski mara nyingi ina uzi wa kinyume. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba inalegea ukiizungusha kuelekea upande ambao diski huzungukia inapokata. Ukiwa na diski mkononi, soma pia kasi ya juu iliyoandikwa juu yake. Lazima izidi kasi ya msumeno wako. Tundu la kati nalo liingie kwenye shafti bila kucheza. Likiwa kubwa, tumia pete ya kupunguzia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kipande cha bati kilichokunjwa.

DALILI: Mkato haunyooki, au pembe si sahihi

Kwenye msumeno wa kukatia pembe, anza na uchafu. Vumbi lililojibana kwenye kona kati ya meza na fensi huusukuma ubao nje, na hata kosa dogo la pembe linatosha kuharibu fremu ya picha. Chomoa, futa, kisha shusha diski, weka skwea (kipimo cha pembe mraba) kati ya fensi na mwili wa diski (usiguse meno, yametanuka kwa nje). Mwanga ukipenya, legeza fensi au rekebisha skrubu ya kizuizi cha nyuzi 90.

Skwea yenyewe ipimwe: chora mstari kutoka kwenye ukingo ulionyooka, geuza skwea upande wa pili, chora tena kutoka nukta ileile. Mistari ikitengana, skwea ndiyo mbovu na msumeno hauna kosa.

Ubao uliopinda uegemeze upande wake uliobenuka kwenye fensi, na upande uliobonyea ukuelekee wewe. Ukifanya kinyume, mkato utafunga na kubana diski. Na unapomaliza, achia swichi huku diski ikiwa bado chini, ngoja isimame, ndipo uinue. Kuinua diski inayozunguka huchana ukingo na hurusha vipande vidogo.

Kwa msumeno wa mkononi, mkono peke yake haunyooshi mkato mrefu. Funga ubao ulionyooka kwa klempu mbili, bamba la msumeno liuegemee. Umbali kutoka ukingo wa bamba hadi kwenye jino uupime kwa kukata kipande cha majaribio. Tofauti ya diski moja na nyingine inatosha kukuharibia kipimo.

DALILI: Uso wa plaiwudi unachanika

Jino huchana mahali linapotokea. Msumeno wa mkononi na jigso hukata kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo uso mzuri ulale chini. Msumeno wa meza na ule wa kukatia pembe hukata kutoka juu, uso mzuri uwe juu. Ukishageuza, mengi yanaisha. Yaliyobaki: diski yenye meno mengi, gundi ya karatasi iliyobandikwa juu ya mstari, au kuchora mstari kwa kisu kikali kabla ya kukata ili nyuzi za juu zikatike kwanza. Kwenye meza, bamba linaloizunguka diski likiwa na mwanya mpana, nyuzi hazina cha kuegemea. Tengeneza bamba jingine la plaiwudi lenye unene uleule, lifunge mahali pake likiwa limebanwa imara, kisha inua diski polepole ijichimbie tundu lake.

DALILI: Mota inazama, inazima, au haiwaki

Ikizama kwenye ubao mmoja na si mwingine, hilo ni suala la diski au ubao. Rudi juu. Ikizama kwenye kila kitu, anza na umeme unaoifikia.

Waya wa kurefushia ndio mshukiwa wa kwanza. Mota ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230 hula takriban ampea 6.5 ikiwa inazunguka, lakini inapowaka huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi. Waya wenye unene wa milimita mraba 0.75, ule wa taa ya mezani, hupoteza volti nyingi wakati huo, na mota inaanza kwa kujikongoja. Tumia 1.5 kwa urefu wa hadi mita 25 hivi, na 2.5 zaidi ya hapo. Mahali penye umeme wa volti 120 ampea ni maradufu, kwa hiyo waya uwe mnene zaidi. Waya wa kwenye gurudumu ufunguliwe wote: ukibaki umezungushwa, joto linakosa pa kutokea na mpira wake unaweza kuyeyuka. Gusa plagi baada ya dakika kumi za kazi. Ikiwa ya moto, kuna kiungo kilicholegea.

Mashine ikizima ghafla na kukataa kuwaka, tafuta kitufe kidogo cha kinga ya joto karibu na swichi. Zima swichi, subiri dakika 10 hadi 15, bonyeza kitufe. Kikiruka tena muda si mrefu, kinakuambia mota inazidiwa. Usikifunge kwa gundi ya karatasi wala kukiunganisha moja kwa moja.

Umeme wa eneo zima ukikatika ukiwa unakata, zima swichi kabla ya kufanya jingine lolote. Misumeno mingi midogo haina swichi inayojizima yenyewe, na umeme ukirudi diski inaanza kuzunguka ndani ya ubao, na wewe huko huko umeinama kutazama.

Cheche kwenye matundu ya mota: ndogo za buluu chini ya kaboni (vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) ni za kawaida. Zikiwa za rangi ya machungwa, zikizunguka kama pete, kaboni zimekwisha au hazigusi vizuri. Chomoa, fungua vifuniko viwili vya pembeni, toa kaboni. Zikibaki chini ya milimita 5 au 6, au zikifika kwenye alama ya ukomo, badilisha zote mbili pamoja, kwa aina ileile. Ukizirudisha za zamani, kila moja irudi upande wake na kwa uelekeo uleule, maana imeshajichonga kufuata mzingo wa mahali pake. Kaboni mpya zikiendelea kutoa pete ya cheche, sehemu ya shaba zinayosugua imeharibika. Hiyo ni kazi ya fundi wa mota.

Mota inavuma lakini haizunguki: zima papo hapo, usiiache ivume, koili zinaungua. Chomoa, zungusha diski kwa mkono uone kama kuna kipande kimejibana. Ikizunguka bila kizuizi, na mashine ni ya meza yenye mota kubwa isiyo na kaboni, kapasita ya kuwashia huenda imekufa.

SIMAMA: kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Usiifungue kama huna ujuzi wa kuimaliza chaji. Mwite fundi umeme. Vivyo hivyo ukisikia harufu ya vanishi iliyoungua kutoka ndani ya mota, kwa sababu koili zikishaungua hakuna cha kurekebisha kwa bisibisi.

DALILI: Mashine inatetemeka au inapiga kelele mpya

Chomoa. Fungua diski, futa flanji mbili zinazoibana, kwani punje moja ya unga uliogandia inatosha kuifanya diski iyumbe. Rudisha, kaza, zungusha kwa mkono huku umeshika penseli karibu na jino. Mwanya ukibadilika, laza diski juu ya kioo uone kama imepinda. Diski iliyopinda haigongwi kwa nyundo ikanyooka.

Diski ikiwa nzuri, shika shafti uitikise. Ikicheza, au ikisaga kama yenye mchanga ndani, beringi zimekufa. Kubadilisha beringi kunahitaji kifaa cha kuzivutia. Ukizigonga, utaharibu shafti pia.

DALILI: Kinga ya chini ya msumeno wa mkononi hairudi

Chomoa, ivute kwa mkono, iachie. Lazima ijifunge kwa haraka na kwa sauti. Ikijivuta, safisha unga na utomvu kwenye mhimili wake, kagua springi, na utazame kama haikupinda kwa kuangushwa. Usitie mafuta mazito, yatashika vumbi na kesho itagoma zaidi. Wapo wanaoifunga wazi kwa kabari au waya ili isiwasumbue. Msumeno huo ukiwekwa sakafuni kabla diski haijasimama, unatembea wenyewe.

Jigso na msumeno wa mkanda

Bledi ya jigso ikipinda ndani ya mbao nene, mkato wa juu unafuata mstari na wa chini unatoroka. Punguza kusukuma, tumia bledi pana mpya inayochomoza milimita 10 hadi 15 chini ya ubao, na weka swichi ya mwendo wa kuyumba kwenye sifuri. Kagua gurudumu dogo linaloshikilia mgongo wa bledi. Kama halizunguki, bledi haina egemeo.

Bledi ya mkanda inayotoka kwenye magurudumu imelegea au gurudumu la juu limeinamishwa vibaya. Zungusha kwa mkono, plagi ikiwa nje, urekebishe hadi ikae. Ikivunjika, zima na usifungue mlango hadi magurudumu yote mawili yasimame.

DALILI: Mashine inakupiga umeme, hata kidogo

Hii haina ukaguzi wa nyumbani. Acha kushika, zima umeme kwenye swichi kuu ndipo uchomoe, na usiiguse tena hadi fundi umeme aipime. Mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba ina ukingaji maradufu na haihitaji waya wa ardhi. Isiyo na alama hiyo lazima iwe na waya wa ardhi uliounganishwa kweli hadi kwenye soketi. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, kikiruka kila unapowasha msumeno, usikilaumu wala usikipite. Mara nyingi ni waya uliochubuka pale unapoingia kwenye mpini.

Vumbi

Mfuko wa vumbi ukijaa, unga unarudi kwenye mstari wako na ndani ya mota. Lakini la kuogopa zaidi ni lile jepesi usiloliona. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kuwa linasababisha saratani kwa binadamu, tangu 1995. Kitambaa puani hakizuii. Vaa barakoa ya daraja la FFP2 au zaidi, hasa ukikata MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), na fagia ukiwa bado umeivaa.

Diski ikimgusa mtu

Zima mashine. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, inua mkono juu ya usawa wa moyo, mwite mtu akupeleke. Usiendeshe mwenyewe. Kidole kilichokatika kisioshwe kwa dawa. Kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevunyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uufunge, kisha mfuko huo uuweke kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja, inaua nyama. Kiende hospitali pamoja na mgonjwa, na andika saa ajali ilipotokea.